Ugwe Chini ya Mtungi

Ninaandika haya kwa ajili ya mwanamke atakayeketi kwenye benchi la barazani kwa daktari pale Dodoma, amejifunika kaniki mpaka mdomoni, huku amejishika ubavu wa kushoto. Najua utakuwepo, kwa sababu kila nilipokwenda alikuwepo mmoja. Kama hujui kusoma, akusomee anayejua. Wasomaji wa misheni siku hizi si haba, na wengi wao hawana kazi.

Sitakueleza ugonjwa huu unatokana na nini. Daktari alinieleza kwa Kijerumani, mkalimani akafasiri, nami nikaitika kila neno kama mtu anayeelewa, lakini nilichotoka nacho mle chumbani ni kidogo sana. Nitakueleza jinsi nilivyoogopa. Hilo nalijua vizuri.

Jina langu ni Damari. Nimeolewa Miyuji, kwa Elia, ambaye hukata kuni za gari la moshi. Nyumba yetu ni ya tembe, yenye paa bapa la udongo, na tunaishi humo pamoja na mama yake, Mama Mbeleje. Nilikuwa nimekaa na Elia mavuno manne bila kupata mtoto. Mavuno ya tano, wakati wa kupura uwele, tumbo langu likaanza kutoka.

Mama Mbeleje aliliona kabla yangu. Alininyang'anya tu mchi mkononi akaanza kutwanga mwenyewe. Tangu siku ile nikawa napakuliwa maziwa ya mgando kwanza, kabla ya Elia, na mlenda wangu ukawa unatiwa karanga. Majirani waliopita walinisalimu, "Mbukwenyi," wakateremsha macho hadi tumboni kisha wakatabasamu. Hakuna aliyeniuliza, maana kwetu jambo kama hilo haliulizwi.

Mimi nilijua kuna kasoro. Tumbo lile lilikuwa gumu, na lilianzia chini ya mbavu za kushoto, likateremka upande mmoja tu. Kila siku chache homa ilinikamata, nikatetemeka mpaka meno yakagongana, halafu nikatoa jasho la kulowesha ngozi niliyolalia. Lakini nilinyamaza. Maziwa yale yalikuwa matamu, na uso wa mama mkwe wangu ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara nyingi nikadhani inawahusu watu wengine.

Mama Mbeleje alihesabu miezi kwa vijiti alivyochomeka ukutani, vitano vya kwanza kwa miezi aliyokadiria imeshapita. Vilipofika kumi, aliacha kunitilia karanga. Vilipofika kumi na kimoja, aliving'oa vyote. Siku hiyohiyo nilianguka njiani nikitoka kisimani, na Elia akanibeba mgongoni mpaka Dodoma.

Kwa daktari, chumba cha kupimia kilitengwa na baraza kwa kitambaa tu. Kila linalosemwa ndani, benchi zima hulisikia. Jiandae kwa hilo, dada yangu, maana mimi sikujiandaa. Daktari alinilaza juu ya meza, akaniminya kwa vidole vya baridi kuanzia kitovuni kwenda juu, kisha akanichora mstari tumboni kwa kalamu, kama fundi anayetaka kukata ubao. Aliongea kwa kirefu. Athumani, msaidizi wake, mtu wa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara, alifasiri kwa kifupi.

"Si mtoto," alisema. "Ni bandama, imevimba kwa homa za siku nyingi."

Upande wa pili wa kitambaa, benchi zima lilisikia.

Daktari akaendelea. Nisibebe maji. Nisitwange. Nisianguke tena, na mtu yeyote asinipige ubavuni, kwani bandama iliyovimba hivyo yaweza kupasuka, na ikipasuka nitakufa kabla siku haijaisha. Ninywe dawa chungu mpaka mvua ziishe. Yeye mwenyewe alikuwa anaondoka kwenda safari katika maboma ya mbali, na angerudi mvua zikikatika.

"Akirudi akikuta inapungua, utabaki hapa umalize dawa," Athumani alifasiri. "Akikuta inaongezeka, utapanda gari la moshi mpaka Dar es Salaam, ukapasuliwe."

Elia alikuwa amesimama mlangoni akitazama miguu yake. Mimi nilitazama mstari ule wa kalamu. Nilikuwa nimesikia habari za watu watatu waliopelekwa pwani kupasuliwa, na hakuna hata mmoja niliyesikia amerudi. Tangu saa ile nikawa na jambo moja tu kichwani, mchana kutwa, nikila, nikisali: inapungua au inaongezeka.

Nyumbani Mama Mbeleje hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Alichukua mchi wake akatwanga, kwa sababu mimi nilikatazwa, na kila pigo lilinifikia ubavuni. Chakula alinipa, lakini alikiweka chini karibu yangu badala ya kunipa mkononi.

Mtu wa kwanza kunicheka, nami nikashukuru, alikuwa Bibi Mzungu wa misheni. Yeye ndiye aliyenilea tangu nikiwa binti mdogo, baada ya njaa kuwamaliza wazazi wangu, na ndiye aliyenifundisha kusoma na kufuma kwa sindano mbili. Nilimfumia soksi nyingi sana, zikaenda Ulaya kwa watu nisiowajua wenye miguu mirefu ajabu. Alipokuja kunitazama alinikuta natetemeka juani, nimejifunika ngozi mbili za mbuzi.

"Wewe umefuma soksi za watu wote," alisema, "na mwenyewe huna kitu."

Akanipa fulana kuukuu ya sufu iliyoliwa na nondo mgongoni, na karatasi ya maelezo ya kufuma fulana mpya. Niliifumua ile ya zamani, uzi ukatoka umejikunja kama nywele. Nikauosha, nikauanika huku umening'inizwa jiwe ili unyooke, nikauviringisha madonge manne. Karatasi ilisema vitanzi themanini mbele na themanini nyuma, nami nikafuata kama nilivyofundishwa, bila kuuliza.

Nilipofuma kiasi cha shubiri moja, nilijizungushia kipande kile. Kulia kilikaa sawa. Kushoto hakikufika kabisa. Nilikivuta mpaka vitanzi vikafunguka kama wavu. Bibi alicheka, halafu akaona uso wangu akaacha.

"Karatasi hii haijui tumbo yako," alisema. Kiswahili chake kilikuwa hivyo. "Karatasi inajua mtu wa Ulaya, na mzima. Sisi tutaifundisha."

Alinionyesha namna ya kuongeza vitanzi upande wa kushoto peke yake, kimoja kimoja, mahali pasipoonekana. Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwenye soksi zote zile: kufuma mstari mpaka robo tatu, kugeuza kabla ya mwisho, kurudi, na kugeuza tena. Ukifanya hivyo mara nyingi, upande mmoja unapata mistari mingi kuliko mwingine, na kitambaa kinajibinua chenyewe kama kibuyu kidogo. Kibuyu hicho ndicho kingebeba bandama yangu.

"Lakini upime," alisema. "Kila ukienda kuchukua dawa, upime kwanza. Mwili unabadilika, na fulana itabadilika nao."

Utepe wake wa kupimia ulikuwa umeliwa na mchwa. Basi akachomoa ugwe wa gamba la mbuyu uliofungia mzigo wa kuni pale uani, akanizungushia tumboni, na mahali ncha ilipokutana na ugwe akapiga fundo. Hilo lilikuwa fundo la kwanza. Wakati huo ulikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi tupu, na ugwe ulikuwa mkavu kama jani la mtama.

Nilikwenda kuchukua dawa kila mwezi. Kutoka Miyuji mpaka Dodoma mtu mzima anatembea akiimba. Mimi nilipumzika mara saba, na nilivijua vivuli vyote saba. Mara ya kwanza nilipopima kabla ya kwenda, ugwe uliishia palepale kwenye fundo. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, maana kutoongezeka nako ni kitu. Ndipo Mama Mbeleje akaingia akanikuta, kaniki imefunguliwa na ugwe uko tumboni.

Hakuongea Kiswahili, na maneno yake nayafasiri hapa. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nani amekufa humu ndani?"

Lazima nikueleze, kama wewe si mtu wa kwetu. Kwa watu wa Miyuji, anayepimwa kwa ugwe ni maiti. Wachimba kaburi huja na kamba, wakampima marehemu urefu na upana, wakaenda kuchimba. Mtu hai hapimwi. Nguo ya mtu hai hukadiriwa kwa macho, au hufungwa tu. Mimi nililelewa misheni, mambo hayo niliyajua kwa kusikia, lakini mikono yangu haikuyajua.

"Ni kwa ajili ya fulana, mama," nilisema.

"Unajiita mwenyewe," alisema. "Mgonjwa wewe, na unajiita mwenyewe." Alitoka nje akaketi chini ya ukuta, na hakuingia mpaka Elia aliporudi.

Nilielewa kwamba nikiutupa ugwe ule sitajua kama napona au nakufa, na nikiuacha kikapuni atauchoma moto. Kwa hiyo niliuficha. Katika nyumba ya tembe mahali pa kuficha kitu ni pachache: darini kuna moshi na panya, vihenge vya nafaka anavifungua yeye kila siku. Nikauviringisha nikauchimbia ndani ya mchanga chini ya mtungi wa maji. Mtungi ule hauinuliwi na mtu; hujazwa palepale ulipo. Nikajiona mjanja kupita kiasi.

Mvua za kwanza zikanyesha. Nilisubiri Mama Mbeleje aende shamba, nikachimbua ugwe, nikajipima upesi upesi nikiwa nimesimama nyuma ya mlango.

Haukufika. Fundo la kwanza lilibaki mbali na ncha, upana wa kidole kizima.

Nikapima tena, nikitoa pumzi yote. Kidole kizima. Nikapiga fundo la pili, nikachukua kikapu changu nikaenda kuketi juani nje, nikautandaza ugwe mapajani nifumie kufuata kipimo kipya. Niliongeza vitanzi kushoto. Nilipomaliza mistari ya kutosha nikaurudisha chini ya mtungi kabla mwenye nyumba hajarudi.

Kwenye benchi la Dodoma zamu yangu ilipofika, Athumani alikuwa peke yake na daftari lake. Yeye hakugusa tumbo la mwanamke. Alisema si kazi yake, wala si heshima. Aliuliza tu.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Inapungua au inaongezeka?"

"Inaongezeka," nikasema.

Akaandika. Akanipa dawa yangu ndani ya karatasi, akaita mwingine.

Masika yote yakapita hivyo. Wengine wanahesabu masika kwa palizi, mimi niliyahesabu kwa mafundo. Fundo la tatu lilikuwa kidole na nusu kupita la pili. La nne, kidole kingine. Kila mara nilijibu neno lilelile, na kila mara Athumani aliliandika, mpaka siku moja akaacha kuuliza akanitazama tu, nami nikatikisa kichwa. Alisema, "Bi Damari, jitayarishe kwa safari ya gari la moshi. Bwana mkubwa akirudi akaona daftari hili, hatasubiri."

Dawa yenyewe ilinitesa. Masikio yalilia kama nzige waliotua shambani, nikawa siwasikii watu mpaka wakaribie. Mikono yangu ilikonda, pete ikawa inaanguka kwenye unga. Nilijitazama na kuona mtu anayeliwa na tumbo lake. Sasa nikikumbuka, naona kwamba homa ilikuwa haiji tena kila siku chache, na kwamba njiani kwenda Dodoma nilikuwa napumzika mara tatu. Vivuli vinne nilivipita bila kuvisalimia, na sikujiuliza. Ugwe ulikuwa umeshasema, na mimi niliuamini ugwe kuliko miguu yangu.

Elia alianza kuchelewa kurudi. Watu walikuwa wamemwambia atafute mwanamke mwingine kabla ya huyu kufa, ili nyumba isikae na moto uliozimika. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe. Mume wangu hawezi kuficha hata kikohozi.

"Nawe ukasemaje?" nilimwuliza.

"Nimesema nasubiri mvua ziishe," alijibu.

Nilimchukia kwa jibu hilo kwa siku tatu. Kisha nikaona kwamba hata mimi nilikuwa nasubiri mvua ziishe.

Mama Mbeleje naye alikuwa na dawa yake. Ng'ambo ya mto mkavu aliishi mtaalamu wa bandama, ambaye huchanja chale juu ya uvimbe, halafu huweka chuma chenye moto ili bandama iogope na kurudi ndani. Nilishawaona waliochomwa. Wengine walipona. Mmoja, binti wa jirani, kidonda chake kilioza. Tangu masika yaanze nilikuwa nakataa, nikisema daktari ameonya nisiguswe ubavuni. Lakini baada ya fundo la nne nilichoka. Dawa ya Dodoma haikuwa inanisaidia. Ugwe ulikuwa shahidi. Upande huu kisu cha pwani, upande huu chuma cha moto, na chuma kilikuwa karibu na nyumbani. Nikaacha kunywa dawa. Karatasi mbili za dawa zilizobaki nilizipachika kwenye ufa wa ukuta. Nikamwambia mama mkwe wangu, "Mwite."

Akasema mtaalamu atakuja kesho kutwa, asubuhi.

Sikutaka kufa nimeacha kazi bila kumalizika. Bibi alinilea vibaya kwa jambo hilo. Siku mbili zile nilifuma bila kuinua kichwa. Nilifunga vitanzi vya mabega, nikashona ubavu wa kulia, nikashona wa kushoto na kibuyu chake kikubwa. Mvua zilikuwa zimekatika, na upepo wa kipupwe ulikuwa umeanza kupita uani na vumbi lake. Asubuhi ya siku ya mtaalamu, Mama Mbeleje alikuwa amekwisha washa mkaa na kuweka chuma kando. Nilikuwa natetemeka, na safari hii haikuwa homa. Nikasema nitavaa fulana kwanza nipate joto, nitaivua akifika.

Niliipitisha kichwani, nikaivuta chini.

Upande wa kulia ulinikaa sawasawa. Upande wa kushoto ulining'inia. Kibuyu nilichokifuma kwa masika mazima kilianguka chini ya mbavu kikiwa kitupu, ngumi yangu ikaingia, na ya pili ikaingia. Nilisimama pale nimeshika kitambaa kilicholegea, na wazo lililonijia la kwanza lilikuwa la hofu: kwamba bandama imeshapasuka, imemwagika ndani, na mimi ni maiti iliyosimama.

"Mama," niliita. "Mama, njoo uone. Haipo."

Alikuja na chuma mkononi. Alinitazama, akakiweka chini, akaushika mfuko ule wa sufu akauvuta kama mtu anayepima kiriba kama kina maziwa.

"Ulifumia kipimo gani hiki?" aliuliza.

Uongo haukuwa na kazi tena. Nikamwonyesha mtungi. Aliinama, akachimba mchangani kwa vidole, akautoa ugwe ule ukiwa mweusi kwa maji, na mafundo yake manne. Nilingoja ukali. Badala yake aliuminya, maji yakatoka matone mawili, akaunyoosha kati ya mikono, akaunusa.

"Ulikaa humu tangu lini?"

"Tangu siku uliyoniona."

"Na ulikuwa ukijipima ungali hivi? Mbichi?"

Nikaitika.

Mama Mbeleje akaketi chini palepale. Sijui kama alikuwa anacheka au analia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Huko misheni hamkufunga ndama," alisema. "Kila mtoto wa kwetu anajua. Kamba ya mbuyu ikilowa inajivuta, inakuwa fupi. Ukimfunga ndama shingoni kwa kamba hiyo, ikanyesha, asubuhi unamkuta ulimi nje. Ikikauka inalegea tena."

Nilimsikia, lakini akili ilichelewa kufika. Ugwe ulikuwa mfupi nilipojipima, kwa hiyo tumbo likaonekana limekua. Nilipoutandaza juani nifume, ulirefuka, nami nikafuma tumbo kubwa kuliko lililonitisha. Mvua zilivyozidi ndivyo mchanga ulivyolowa, na ndivyo mafundo yalivyosogea. Masika yote nilikuwa napima maji.

Aliuweka ugwe juu ya jiwe la moto, pembeni ya mkaa ulioandaliwa kwa ajili ya chuma. Ulitoa mvuke. Tulikaa tukiutazama. Ulipokauka kabisa aliuchukua, na nikanyoosha mkono nijipime mwenyewe, maana nilijua yeye hawezi.

Hakunipa. Aliinua fulana yangu, akapiga magoti mbele yangu, akanizungushia ugwe kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, yule mwanamke aliyetoka nje ya nyumba yake kwa kuuona tu. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nadhani alikuwa anawaeleza wazee wake waliokufa kwamba huyu si maiti, wasije wakakosea. Vidole vyake vilipita fundo la nne, la tatu, la pili. Vikafika la kwanza, lile la Bibi, la kiangazi. Vikalipita nalo, upana wa vidole viwili na zaidi.

"Imerudi ndani," alisema. Akaegemeza paji la uso wake kwenye tumbo langu, akakaa hivyo.

Mtaalamu alipofika alipewa maziwa na kuku, akaondoka na chuma kikiwa baridi. Mimi nilichomoa karatasi za dawa kwenye ufa nikameza dawa ya karatasi moja palepale, chungu kama nyongo, na mama mkwe wangu akanipa maji mkononi.

Daktari aliporudi aliliona daftari la Athumani kwanza, akakunja uso. Kisha akaniminya kuanzia kitovuni kwenda juu, akaminya tena, akapanda mpaka mbavuni ndipo akaikuta. Aliongea maneno machache. Athumani alinitazama kwa macho makali.

"Anauliza kwa nini ulinidanganya."

"Mwambie sikudanganya," nilisema. "Mwambie niliogopa, halafu nikajipima." Sijui kama alifasiri vyote.

Nilitaka kuifumua fulana niipunguze. Nilishaanza kutafuta ncha ya uzi, Mama Mbeleje akaniondoa mkono. "Liache pande hilo," alisema. "Likunje tu. Nafasi haiozi."

Basi nimeivaa hivyo vipupwe viwili, mfuko wake ukining'inia kushoto, na wanawake wa Miyuji wananitania kwamba nimebeba kuku wa kuiba. Sijali. Ugwe uko kikapuni, mkavu, na anayeulinda ni mama mkwe wangu.

Sasa nikwambie jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Baada ya mavuno haya tumbo langu limeanza tena kutoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishtuka vibaya. Sikumwambia Elia. Sikumwambia mama yake. Kwa siku kadhaa niliamka na kujiminya chini ya mbavu, nikashindwa kujua kama vidole vinasema kweli. Ugwe niliuogopa hata kuugusa. Jana upepo wa baridi ulipoanza, Mama Mbeleje alinitolea fulana kihengeni, nikaivaa mbele yake kwa sababu sikuwa na namna.

Katikati ilinibana, vitanzi vikanyooka juu ya kitovu. Alinizunguka akaja upande wa kushoto, akautia mkono wake ndani ya ule mfuko. Ulikuwa mtupu.

Alichukua mchi wangu, akaenda kutwanga mwenyewe.